Usiniambie ni Corolla, niambie ni NZE

Leo kompyuta zipumzike kidogo, tuzungumze magari. Najua wapo watakaoguna kwamba hawakuja hapa kusoma habari za injini na bampa. Vumilieni. Mtu anayeandika programu akilitazama gari hili vizuri ataona kazi yake mwenyewe imefanywa kwa chuma.

Ukienda kwa wauza magari wa Ngong Road ukasema unatafuta Corolla, utaulizwa: "Corolla gani?" Ukisema NZE, maswali yameisha, kilichobaki ni bei. Ndivyo tulivyozoea. Kabla yake tulikuwa na DX, kisha AE100, kisha AE110, na hata mtu asiyejua kufungua boneti alikuwa akizitaja herufi hizo kama majina ya majirani zake. Wageni hucheka wakisikia. Mimi nasema mtaa una akili kuliko idara ya matangazo. Corolla ni jina la kuuzia. NZE ni jina la kitu chenyewe. Na tofauti kati ya hayo mawili inaweza kukugharimu taa ya nyuma, au kitu kikubwa zaidi ya taa, kama tutakavyoona mbele.

Tuanze na jina. NZ ni familia ya injini. E ni alama ambayo Toyota huwapa wote wa ukoo wa Corolla. 12 ni kizazi, na 1 ya mwisho ni aina ndani ya kizazi hicho. Kwa hiyo NZE121 inasomeka hivi: Corolla ya kizazi cha tisa, injini ya NZ ya cc 1,497. Badilisha herufi na gari linabadilika. ZZE122 ni lile la cc 1,800. ZZE123 lina injini ya 2ZZ-GE, ambayo Toyota waliisuka pamoja na Yamaha, nalo hukimbia kama limeibwa. CE121 ni la dizeli. NZE124 ni la 1,500 linalovuta kwa magurudumu yote manne. Yote manane au tisa yameandikwa Corolla mgongoni. Kama umewahi kukuta folda yenye faili kumi zinazoitwa "ripoti ya mwisho", unaelewa ninachosema.

Corolla ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Hii yetu ya tisa ilizinduliwa Japani Agosti 2000, ikakaa sokoni huko hadi mwaka 2006 ilipochukuliwa nafasi na Axio. Ndani ya miaka hiyo ilitengenezwa katika nchi nyingi, na hapa ndipo mambo yanapomnogea mtu wa programu. Sisi tunapoanza kazi ya wateja wengi tunaandika kiini kimoja, kisha tunakigawa matawi. Kila tawi linapokea mabadiliko ya mteja wake: huyu anataka lugha yake, yule anataka kodi yake, mwingine anataka kitufe kiwe kijani kwa sababu bosi amesema. Ukiwa makini, kiini kinabaki kimoja. Ukizembea, baada ya miaka mitatu una programu tano zenye jina moja na hakuna hata moja inayoweza kuirekebisha nyingine.

Kiini cha kizazi hiki kinaonekana kwa kipimo kimoja: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa saluni ya Japani ni milimita 2,600, na kwa saluni ya Marekani ni milimita 2,600. Huo ndio uti wa mgongo. Nje ya hapo kila nchi ilivaa nguo yake.

Tazama Japani kwanza, maana ndilo tawi tunalolijua sisi. Upana wake ni milimita 1,695. Kwa nini wasifanye 1,700 kamili, au 1,720 watu wakae kwa raha? Kwa sababu sheria ya Japani huhesabu gari kuwa dogo likiwa halizidi mita 1.7 kwa upana, mita 4.7 kwa urefu, mita 2 kwa kimo na cc 2,000 kwa injini. Vuka kimoja tu na umehamia daraja jingine. Injini nayo ni 1,497 kwa sababu kodi ya mwaka ya Japani hupanda ngazi ukipita 1,500. Kwa hiyo yule mwalimu wa Machakos anayelalamika kwamba abiria watatu wa nyuma wanabanana mabega, anabanwa na sheria ya nchi ambayo hajawahi kuiona. Hakuna mhandisi aliyeamua kumtesa. Ni kama pale unapokuta sehemu ya jina katika mfumo inakubali herufi ishirini tu, ukiuliza sababu unaambiwa mashine ya kuchapisha risiti ya mwaka fulani haikuweza zaidi.

Hata ndani ya Japani penyewe kulikuwa na matawi. Saluni ilitoka pamoja na Fielder, ile yenye mgongo mrefu ambayo Kenya nzima huitumia kubeba kila kitu kuanzia maharusi hadi vitunguu. Mwanzoni mwa 2001 wakaja RunX na Allex, na hapa nawaombeni mtulie: hayo mawili ni gari moja. Tofauti ni grili, vipambo vichache na duka lililoliuza, kwa kuwa Toyota huko walikuwa na minyororo kadhaa ya maduka na kila mmoja ulitaka bidhaa yake. RunX iliuzwa na maduka ya Corolla, Allex ikauzwa na maduka ya Netz. Watu wamebishana baa nzima kuhusu ipi ni imara. Wakubwa, mnabishana kuhusu nembo.

Marekani walitaka kitu kingine kabisa. Saluni yao ilitoka mwaka 2002, ikiwa ndefu kuliko ya Japani kwa kama sentimita 15, nyingi zikiwa za pua na mkia, kwa kuwa uti wa mgongo haukuguswa. Injini ilikuwa 1,800 pekee. Nambari yake ikaanza na 13 badala ya 12: ZZE130. Ilijengwa Cambridge, Ontario, huko Kanada, na Fremont, California, katika kiwanda cha NUMMI ambacho Toyota walikimiliki pamoja na General Motors. (Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2010, na ndicho kilichonunuliwa na Tesla.) Humo NUMMI uti wa mgongo wa Corolla ulivishwa mwili wa kimwinuko ukaitwa Pontiac Vibe, huku pacha wake Toyota Matrix akijengwa Kanada. Kisha wakafanya jambo ambalo kila mwandishi wa programu amewahi kulijaribu na kujuta: walichukua tawi la Marekani wakalirudisha kwenye shina. Vibe ikahamishiwa usukani kulia, ikapakiwa melini hadi Japani, ikaitwa Voltz. Wajapani hawakuitaka. Ilianza kuuzwa mwaka 2002 na mwaka 2004 ikaondolewa.

Ulaya wao walipenda lisilo na buti, milango mitatu au mitano, na hilo lilijengwa Burnaston, Uingereza. Injini zao ndogo zilikuwa za ZZ, ya 1,400 na ya 1,600, wala si NZ zetu. Dizeli zao nazo zilikuwa za kisasa, si ile 3C ya Japani ambayo ilikuwa mzee hata siku ya kuzaliwa. Kusini-mashariki mwa Asia gari likaitwa Altis, likapewa mwili mrefu na sura nzito, kwa kuwa huko Corolla ni gari la mtu aliyefanikiwa. Lilitangazwa na Brad Pitt, na mwaka 2002 serikali ya Malaysia ikaliondoa tangazo hilo ikisema linawadunisha Waasia. Unaona? Hata tangazo halikukubali kuhama nchi. Pakistani ilijengwa Karachi kwa injini ya 1,300. Brazili ilijengwa Indaiatuba, na mwaka 2007 ikapewa injini inayokunywa petroli au pombe ya miwa, upendavyo. Afrika Kusini walikuwa na RunX yao, pamoja na toleo la RSi lenye ile injini ya Yamaha, huku wakiendelea kuuza Tazz, gari lililotokana na Corolla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, hadi mwaka 2006. Vizazi viwili vilivyopishana kwa zaidi ya miaka kumi viliuzwa na kampuni moja katika nchi moja. Nami huambiwa programu zangu zina matoleo mengi!

Kuna wanaosema utitiri huu ni fujo, kwamba kampuni yenye akili hutengeneza gari moja na kuliuza duniani kote. Sikubaliani nao. Gari moja la dunia nzima lingekuwa pana mno kwa vichochoro vya Osaka, dogo mno kwa barabara za Texas na ghali mno kwa Karachi. Kazi ya mhandisi ni kuchagua kipi kisiguswe na kipi kiachwe wazi, na Toyota hapa walichagua vizuri. Injini ya 1NZ-FE ni mfano ninaoupenda. Imo kwenye NZE, imo kwenye Fielder iliyofuata, imo kwenye Probox, imo kwenye Vitz ya 1,500, imo kwenye Ist na Raum. Ndugu yake, 1NZ-FXE, ndiye aliyeisukuma Prius ya kwanza mwaka 1997, na miaka mingi baadaye akaonekana tena kwenye Aqua. Hiyo ndiyo maktaba ya msimbo inayostahili jina hilo: imeandikwa mara moja, ikatumiwa na miradi kumi, na fundi aliyejifunza moja amejifunza zote. Nenda Kirinyaga Road uone kijana akishusha injini ya Probox iliyogongwa na kuipandisha kwenye NZE kabla ya saa kumi jioni. Hakusoma kitabu cha Toyota. Alielewa kiini.

Shida yangu iko kwingine, nayo ni hii: sisi hatukupewa tawi. Kwa wingi wa magari yaliyopo barabarani, Kenya ni nchi ya NZE, lakini hakuna aliyekaa mezani akauliza Mkenya anataka nini. Tulipokea tawi la Japani likiwa limeshatumika, kwa sababu mbili tu: nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na hubadilisha magari mapema. Sheria yetu ikaongeza masharti yake, usukani uwe kulia na gari lisizidi miaka minane. Basi tukapata gari zuri lililotengenezewa mtu mwingine.

Ushahidi uko ndani ya gari lako. Redio ilikuja ikisikiliza kuanzia 76 hadi 90, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa masafa ya FM ya Japani, wakati stesheni zetu zimejaa kutoka 88 hadi 108. Ndiyo maana ulinunua kile kidude cha kuhamisha masafa, na ndiyo maana namba unayoiona kwenye redio si namba ya stesheni. Ukichomoa betri, skrini inakuomba diski kwa maandishi ya Kijapani na kugoma hadi siku ya kiama. Asubuhi ukiwasha, mama mmoja wa Kijapani anakukumbusha kwa adabu habari za kadi ya kulipia barabara za kule. Gari lenyewe liko chini, likikutana na matuta yetu linakwangua tumbo, kwa hiyo tunalipandisha kwa vipande vya mpira na springi za gari jingine. Hivi vyote ni viraka. Sisi na mafundi wetu ndio tunaolitunza tawi hili. Mwenye msimbo alishaliacha.

Sizungumzi kwa kulalamika. Viraka vya redio na springi vinachekesha na kazi inaendelea. Lakini kuna mahali ambapo kutojulikana kwa tawi lako ni jambo la hatari, na hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Mjomba wangu wa Likoni ana NZE ya teksi. Aligongwa kwa nyuma kidogo, taa ikavunjika, akaona tangazo kwenye mtandao la taa za "Corolla 2003" kutoka duka moja la nje. Bei nzuri, picha nzuri. Taa zilipofika zikawa za saluni ndefu. Sura inafanana kwa mbali kama ya binamu, lakini hata tundu moja la skrubu halikukubali. Muuzaji akamjibu kwamba alichoandika ni kweli, hiyo ni Corolla na ni ya 2003. Na kwa kweli hakusema uongo. Mjomba alicheka, akaenda kununua ya mtumba mjini. Hasara ya taa inavumilika.

Sasa badilisha taa uweke mfuko wa hewa wa usalama, ule unaofura mbele ya abiria gari likigonga.

Aprili 2013 Toyota walitangaza kurudishwa kwa magari milioni 1.73 duniani kote, Corolla zikiwemo, yaliyotengenezwa kati ya Novemba 2000 na Machi 2004. Siku hiyo hiyo Honda, Nissan na Mazda nao walitangaza ya kwao. Tatizo lilikuwa kifaa cha kufurisha mfuko kilichotengenezwa na kampuni ya Takata. Ndani yake mna kemikali inayoitwa ammonium nitrate, ambayo huwaka haraka na kutoa gesi. Kemikali hiyo ikiharibika huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka, na mfuko uliowekwa kumwokoa mtu unamrushia vipande vya chuma usoni na shingoni. Marekani pekee watu zaidi ya 25 wamekufa hivyo, baadhi yao katika ajali ndogo ambazo wangeshuka wakitukana tu. Mwaka 2015 orodha iliongezwa tena, na mwaka 2017 Takata wakafilisika.

Kinachoiharibu kemikali hiyo ni nini? Wakaguzi wa usalama barabarani wa Marekani walieleza mwaka 2016: ni umri, unyevu, na joto kali linalopanda na kushuka mara kwa mara. Ndiyo maana mwaka 2014 marekebisho yalianza na Florida, Hawaii na Puerto Rico kabla ya kuenea nchi nzima. Wanaoandika programu wanakijua kisingizio hiki: "kwangu inafanya kazi". Kifaa kilekile kinachokaa salama kwenye ubaridi wa kaskazini kinaoza polepole kwenye joto la bahari. Nanyi wa Mombasa, Malindi na Lamu, niwaulize: gari linaloegeshwa juani mchana kutwa pale Likoni likisubiri feri, ndani yake kuna joto na unyevu kiasi gani? Na limekaa hivyo miaka mingapi?

Januari 2024 Toyota ya Marekani ilienda mbali zaidi. Iliwaambia wenye magari kama 50,000 wasiyaendeshe kabisa hadi yarekebishwe. Orodha ilikuwa RAV4 za 2004 na 2005, pamoja na Corolla na Matrix za 2003 na 2004. Yaani kizazi hikihiki cha tisa, tawi la ng'ambo.

Sasa rudi nyumbani ufanye hesabu nami. Gari lililotengenezwa Machi 2004, kwa sheria yetu ya miaka minane, mwisho wake wa kuingia Kenya haukupita mwaka 2012. Lililotengenezwa 2001, haukupita mwaka 2009. Tangazo la Toyota lilitoka Aprili 2013. Kwa hiyo NZE zote za kundi hilo zilizoingia hapa kwa njia ya kawaida zilikuwa zimeshafutwa kwenye rejista ya Japani na kushushwa Kilindini kabla ya tangazo hilo. Barua ya onyo ya Japani huenda kwa mwenye gari aliyeandikishwa Japani. Kuanzia Mei 2018 Wajapani walikaza zaidi: gari lenye kifaa hatari cha Takata ambacho hakijabadilishwa halipiti ukaguzi wao wa lazima. Hatua nzuri sana, kwa magari yaliyobaki kule. Haya ya kwetu yameshatoka kwenye jedwali.

Ukijaribu kujisaidia mwenyewe, jina linakupoteza tena. Unaingia kwenye tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafuta magari yaliyoitwa, unaombwa namba ya herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani halina namba ya 17. Lina namba ya fremu: NZE121, kistari, kisha tarakimu saba. Fomu inaikataa, na anayeikataliwa anadhani amekosea kuandika, au mbaya zaidi, anadhani gari lake haliko kwenye orodha basi ni salama. Nimeandika fomu nyingi za namna hiyo maishani na naweza kuwaambia, mwenye fomu hata hajui kwamba wewe upo.

Niseme wazi ili nisiwatishe bure. Si kila NZE ina kifaa cha Takata. Toyota walinunua mifuko kwa zaidi ya kampuni moja, na magari mawili yaliyopishana siku chache kiwandani yanaweza kutofautiana. Hiyo ndiyo sababu mwaka na jina havitoshi, na namba ya fremu ndiyo yenye jibu. Na jibu lipo! Wizara ya uchukuzi ya Japani huchapisha kila tangazo la kurudishwa pamoja na namba za fremu zinazohusika, kuanzia hii hadi ile. NTSA nao wana namba ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa Kenya, kwa sababu bila hiyo hakuna usajili. Upande mmoja una orodha ya namba zenye tatizo, upande wa pili una orodha ya namba zenye wenyewe. Mnaofanya kazi na hifadhidata mmeshaona ninakoelekea: majedwali mawili, safu moja inayofanana. Swali hilo ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta atalimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kazi ngumu zaidi itakuwa kusafisha namba ambazo karani fulani aliandika O badala ya sifuri.

Ninachotaka, basi, ni kwamba NTSA waunganishe majedwali hayo na kumtumia mwenye gari ujumbe mfupi: gari lako limo, usimkalishe mtu mbele hadi liangaliwe. Huduma zao zimo kwenye eCitizen, namba za simu wanazo. Wapo watakaoniuliza habari za Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Swali zuri. Orodha ya Japani ni ya hadharani na haina jina la mtu, na ulinganishaji ungefanyika ndani ya NTSA kwenyewe. Hakuna data inayotoka nje ila onyo kwa mwenyewe.

Swali gumu ni lingine: nani alipe? Muuzaji rasmi wa Toyota hapa nchini hakuuza gari hili. Aliyeliuza ni wakala wa Nagoya au Yokohama, akamuuzia mwagizaji wa Mombasa, naye akamuuzia mjomba wangu. Kwa mantiki ya duka, kila mmoja ana haki ya kusema si langu. Mimi naona mantiki hiyo haifai hapa. Hitilafu haikuzaliwa dukani. Ilizaliwa kiwandani, na jina lililoandikwa mgongoni mwa gari ni lile lile Nagoya na Nairobi. Nikiandika maktaba ya programu yenye tundu la usalama, siwezi kuziba tundu kwa wateja walionunua kwangu moja kwa moja na kuwaacha walioipata kwa mkono wa pili, huku nikijua majina ya faili zao. Kampuni iliyoweza kutunza vipimo vya milimita 2,600 katika viwanda vya mabara kadhaa haishindwi kutunza orodha ya magari yake yalikohamia. Lakini hata kama mabishano ya malipo yatachukua miaka, onyo halihitaji kuyasubiri. Mtu akijua, atamhamishia mtoto kiti cha nyuma leo leo.

Wakati tunasubiri, fanya hivi. Fungua boneti utazame ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Namba ya fremu imegongwa hapo, na imo pia kwenye kibati cha Toyota na kwenye hati za gari. Toyota ya Japani ina ukurasa wa kutafuta magari yaliyoitwa ambao unaikubali namba hiyo: unaandika yaliyo kabla ya kistari, kisha yaliyo baada yake. Ukurasa ni wa Kijapani, ila kivinjari cha simu yako kitautafsiri vya kutosha. Ukikuta gari lako limo, usimruhusu fundi wa mtaani aufungue mfuko huo "auangalie", hata awe hodari vipi wa kupandisha injini. Kifaa kile ni baruti, na chombo chochote cha kupima hitilafu hakiwezi kukuambia imeoza kiasi gani. Na ukiamua kununua mwingine, usinunue wa mtumba kutoka gari lililovunjwa la mwaka uleule, kwa kuwa unaweza kulipia tatizo lilelile mara ya pili.

Wenye Fielder, RunX, Allex na Spacio za miaka hiyo, nanyi pia mtazame. Ni gari lilelile.